Jiwe la chumvi wanalamba kila siku, mbona ng'ombe wa nyama wanakonda?

Mfuga Mitamba:
Wakuu, habari za majukumu. Ng'ombe wangu wa nyama wana nyasi nyingi, ila zimekomaa na kukauka. Jiwe la chumvi liko zizini muda wote na wanalilamba kweli. Pamoja na hayo wanakonda, manyoya yamesimama, kinyesi kigumu, mabonge mabonge. Nyasi wanazigusagusa kisha wanasimama tu, na majike kadhaa wameanza kutafuna mifupa wanayookota machungani. Dawa ya minyoo wameshanyweshwa. Nibadilishe madini, au shida iko tumboni?

Kengele ya Fahali:
Soma lebo ya hilo jiwe mkuu. Mengi ya yale meupe ni chumvi tupu, fosforasi, yale madini ya kujenga mifupa, hamna.

Mama Zizi:
Ndugu yangu, hao wanaotafuna mifupa ndio wanaonitia wasiwasi, naanza nao. Hiyo ni dalili kubwa ya upungufu wa fosforasi, na nyasi iliyokomaa huwa nayo kidogo sana. Okoteni mifupa yote leo, hasa ya mizoga. Inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, na ng'ombe akiipata hulegea miguu, hulala chini, hufa. Kisha tafuta madini ya unga yenye fosforasi, mfano dikalsiamu fosfeti, uyachanganye na chumvi. Ng'ombe ana hamu ya chumvi. Fosforasi peke yake wengi hawaigusi.

Sasa kinyesi. Mabonge magumu kwenye nyasi kavu mimi nayasoma kuwa protini haitoshi. Anayevunja nyuzinyuzi za nyasi si ng'ombe mwenyewe, ni bakteria walio kwenye tumbo kuu, na hao wanahitaji naitrojeni, fosforasi, salfa na kobalti ili wazaane. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wanadhoofu, nyasi inakawia tumboni, na tumbo likiwa bado limejaa mnyama hawezi kuongeza kula. Ndiyo maana wako wamezungukwa na malisho na bado wanakonda. Madini hayana protini wala nguvu, kwa hiyo ukiongeza fosforasi tu utaona badiliko dogo mno. Wape mashudu ya pamba au alizeti, au majani ya jamii ya kunde, na madini yaende sambamba.

Mfuga Mitamba:
Asante sana mama. Mashudu kuyapata ni kazi. Urea je, ile mbolea yenye naitrojeni? Nasikia inaua.

Mama Zizi:
Inaua kweli ikitumiwa ovyo, tena ndani ya saa chache. Isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu, waanze na kidogo sana wapande taratibu kwa wiki kadhaa, na ichanganyike sawasawa pasiwe na madonge. Mwenye njaa kali asipewe, ndama asiyecheua vizuri asipewe kabisa. Soya mbichi usiiweke humo, ina kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia kwa kasi, na amonia ndiyo inayoua. Na chombo kiwe chini ya paa! Mvua ikiyeyusha urea, ng'ombe akanywa yale maji, humuwahi. Salfa nayo iwemo, sehemu 1 kwa kila 10 za naitrojeni hivi, maana bakteria huitumia kujenga protini zao.

Dokta wa Malisho:
Mama kamaliza, naongeza la shaba tu. Salfa ikizidi, iwe ya kwenye chakula au ya maji ya kisima yenye salfeti, huifunga shaba isitumike mwilini, na molibdeni, madini mengine ya kwenye udongo na malisho, ikiwa nyingi hali huwa mbaya zaidi. Lakini usikimbilie kumwaga shaba, maana ikizidi hujikusanya kwenye ini na kuua. Mwite daktari achukue sampuli kwanza. Kama una kondoo zizi hilohilo, watenge na madini ya ng'ombe, wao sumu ya shaba huwapata upesi zaidi.

Mfuga Mitamba:
Kondoo ninao, dokta. Nawahamishia chombo chao leo jioni, na maji ya kisima napeleka yapimwe.