Sungura wa kuanza nao Kasarani: weupe, California, Chinchilla au wa madoa?

Mgeni_Kasarani: Hamjambo wafugaji. Nataka kuanza na majike watatu na dume mmoja. Wateja wangu ni wa nyama, ila watoto wa mtaani huulizia wa madoa wa kufuga tu. Nichague nani?

MamaWaRuai: Kwa nyama chukua New Zealand White, mwanangu. Akikomaa hufika kilo 4 hadi 5, na unyoya mweupe ukibaki kwenye nyama hauonekani sana. Mweupe kwa mweupe wa aina hiyo huzaa weupe watupu.

Kijana_Ngong: Mama amesema kweli, ila weupe ule ni koti juu ya nguo nyingine. Jeni moja, yaani chembe ya urithi, ikirithiwa kwa baba na kwa mama, huzima rangi zote. Chini yake sungura anaweza kuwa amebeba weusi, kijivu, hata madoa. Ukitaka kuchanganya, uliza wazazi wake walikuwa wa rangi gani.

Mimi nafuga sungura wa aina ya California. Mfugaji George West aliizalisha aina hii huko Marekani katika miaka ya 1920 kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand White. Mwili ni mweupe, lakini masikio, pua, miguu na mkia ni vyeusi, maana kimeng'enya cha rangi, yaani kemikali ya mwili inayotengeneza rangi, hufanya kazi palipo na ubaridi tu. Vitoto vikipigwa na baridi kwenye sanduku la kuzalia hutoka na ukungu wa kijivu mwilini, kisha hupotea wanapobadilisha manyoya. Julai huku Ngong masikio hukolea kweli!

MamaWaRuai: Na dume wa California kwa jike wangu mweupe?

Kijana_Ngong: Vitoto hupata alama za California, mara nyingi zimefifia kidogo. Kwa nyama ni mseto mzuri sana.

Achieng_Dagoretti: Chinchilla naye ana uzuri wake. Puliza manyoya yake uone miviringo: kijivu cha buluu chini, weupe wa lulu katikati, ncha nyeusi.

Lakini tafadhali, ndugu wa Kasarani, usipandishe madoa kwa madoa. Jeni ya madoa ikiwa moja, sungura hupendeza. Zikiwa mbili, na kwa wastani ni robo ya vitoto, hutoka karibu weupe kabisa wenye alama chache, na wengi utumbo wao mpana hutanuka, choo kikagoma, wakakonda hadi kufa. Inauma kuwatazama. Mpe jike wa madoa dume wa rangi moja: nusu watatoka na madoa, nusu rangi moja, na hakuna atakayerithi jeni mbili.

Mgeni_Kasarani: Dume mweupe si wa rangi moja?

Achieng_Dagoretti: Hapana, huyo ndiye wa kuogopa. Huenda amefunika madoa yake. Chukua mweusi mtupu.

Mgeni_Kasarani: Basi majike wawili New Zealand na dume California. Wa madoa atangoja hadi nipate dume mweusi.