Chanjo ya homa ya mafua kwa wazee wetu hapa London

Ndugu zangu, assalaam aleikum.

Namjibu dada aliyeuliza kama mama yake, mwenye miaka 71 na kisukari, anastahili chanjo ya homa ya mafua bila malipo. Anastahili kwa sababu zote mbili, kwani NHS, yaani huduma ya afya ya taifa huku Uingereza, huitoa bure kwa kila aliyetimiza miaka 65, kwa wajawazito, na kwa wenye kisukari au maradhi ya moyo, figo na mapafu. Ataipata kwa daktari wake wa familia au katika duka la dawa linalochanja.

Usichelewe, dada. Kwetu pwani homa hii huweza kuzuka mwezi wowote, ndiyo maana wengi wetu hatukuzoea kuipangia tarehe, lakini huku hupamba moto kati ya Desemba na Machi, na mwili huhitaji kama wiki mbili baada ya sindano kujijengea kinga. Mwezi wa kuchanjwa ni Oktoba.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mama yangu alipohamia kwangu, mhudumu wa mapokezi wa kliniki moja alimdai pasipoti na bili ya umeme ndipo amwandikishe, nasi tukarudi nyumbani tukanyamaza, ilhali mwongozo wa NHS hauruhusu mtu kunyimwa daktari wa familia kwa kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au hati ya ukaaji. Januari nikamletea homa kutoka kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikaa ukingoni mwa kitanda, leso mabegani, hawezi kushika kikombe cha uji, na sukari yake ikapanda hata akalazwa siku kumi na moja. Mimi mwenyewe nilikuwa sijachanjwa.

Kwa hiyo nawasihi pia mnaofanya kazi za kutunza wazee: mwulizeni mwajiri kwanza, na kama hana mpango wa kuwachanja, nendeni duka la dawa na uthibitisho wa kazi yenu. Kinga ya mzee huwa hafifu hata akichanjwa, basi sisi tunaomlisha na kumwogesha ndio ukuta wake.

Kuna na suala la watoto, ambao hueneza homa hii kuliko watu wazima. Chanjo ya kupuliza puani inayotolewa shuleni ina jelatini ya nguruwe, na najua Waislamu wengi huandika “hapana” kwenye fomu, mambo yakaishia hapo. Msiishie hapo. Ombeni sindano isiyo na jelatini hiyo. Ipo, ni bure, na wauguzi wamezoea kuulizwa. Mwanangu hakuchanjwa siku moja na wenzake, ilibidi nimpeleke kliniki wiki iliyofuata, lakini bibi yake yumo humu ndani na safari ile ilistahili.

—

Ahsante sana, kaka. Duka la dawa limetupa nafasi Jumamosi saa nne asubuhi. Mama anahofu kwamba sindano yenyewe itamletea homa, nimwambieje?

—

Mwambie, dada, kwamba chanjo ya sindano haina virusi hai, hivyo haiwezi kumpa homa ya mafua. Mkono utamuuma siku moja au mbili, pengine na uchovu kidogo. Avae nguo ambayo mkono wake unapandishika hadi begani, na muwe na orodha ya dawa anazotumia.