Je, kuwahamisha watu Usangu kutarudisha maji ya Ruaha Mkuu?

Mleta mada:
Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Tanzania. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu kinachoulisha mto huo. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Mto bado unakauka, na mimi naona tunahamisha watu bila kugusa chanzo. Maji hutoka Ihefu kupitia Ng'iriama, juu ya kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya kizingiti hicho, tone halipiti, hata kama nyuma yake kuna kinamasi chenye maji. Kinachoshusha kina ni maji yanayochepushwa juu kabla hayajafika Ihefu.

Fundi Mifereji:
Mkuu, sawa kabisa. Mabanio ya zamani (vizuizi vya kuchepusha maji ya mto kwenda mferejini) ya magogo na mawe yalivuja, mto ukabakiwa na maji kiasi. Banio la zege lenye lango la chuma linaweza kumeza mto mzima mwezi Septemba. Kibali cha kutumia maji kinataja lita kwa sekunde, lakini mfereji usio na bamba la vipimo mlinzi wa lango anaukadiria kwa macho.

Halafu, kwa nini mfereji haufungwi Agosti wakati mpunga umeshavunwa? Kwa sababu ndio bomba la kijiji: ndoo za nyumbani, ng'ombe, matofali. Ili ndoo hizo zifike, maji mengi hupotelea ardhini njiani. Kwa hiyo visima virefu vitangulie, ndipo lango lifungwe. Ukifunga kabla, usiku watalivunja, na sitawalaumu. Baada ya hapo kibali cha masika kitenganishwe na cha kiangazi, na kila banio liachiwe tundu la chini lisilozibika.

Mdau wa Bonde:
Hoja kwamba umwagiliaji wa Usangu ndio unaoleta mgao wa umeme naomba iwekwe pembeni. Bwawa la umeme la Mtera (MW 80), linaloilisha Kidatu (MW 204) chini yake, hujazwa na mafuriko ya masika, na mito Ruaha Mdogo na Kisigo nayo humwaga humo. Mtiririko wa Septemba unaokoa wanyama na wavuvi, turbini hauzijazi. Kumwambia mkulima wa Mbarali, huko Usangu, kwamba yeye ndiye kazima taa za nchi ni kumwonea.

Lakini Fundi, visima na mabamba pekee havitoshi. Chukua kilimo shadidi cha mpunga, kinachotumia maji kidogo: miche ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa sentimita 25 kwa 25, jaruba linaachwa likauke hadi nyufa ndogo zionekane ndipo maji yarudishwe. Maji yanabaki kweli. Yanakwenda wapi? Jirani wa mwisho wa mfereji analima majaruba mapya, Ihefu haipati kitu. Bila kuweka ukomo wa eka kwa kila skimu ya umwagiliaji, ukaandikwa ndani ya kibali, mto hautaona akiba hiyo.

Fundi Mifereji:
Ukomo wa eka nakubali, kwa sharti moja: mashamba makubwa ya mpunga yapimwe kwanza, wakulima wadogo wafuate.