Fundi anasubiri nisafiri ndipo afunike kazi mbovu. Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nakarabati bafu na chumba kimoja. Kazi yangu ni gita na uchoraji, kwa hiyo nasafiri sana, leo tamasha, kesho maonyesho. Fundi alilijua hilo kabla hajagusa ukuta. Tulipatana jambo moja tu: chochote kinachofunikwa, iwe bomba, nyaya au dawa ya kuzuia maji, kisifunikwe mpaka nikione kwa macho yangu. Mengine aendelee.

Nimekaa nyumbani siku 11. Siku 7 hakuonekana. Mara saidia fundi anaumwa, mara ana msiba, mara vifaa havijafika. Nimeondoka alfajiri, saa nne asubuhi hiyohiyo ananitumia picha: vigae vimeshapanda nusu ukuta! Kumbe watu na vifaa vilikuwepo muda wote.

Nampigia, hapokei. Nikapanda jukwaani kichwa kiko kwenye bomba.

Bafu lina kipimo rahisi kabla ya vigae. Unaziba tundu la maji machafu, unajaza maji kina cha sentimita 5 hivi, unayaacha saa 24, kisha unaangalia kama yamepungua au kama ukuta wa upande wa pili umelowa. Bomba nalo linapimwa kwa presha ukuta ukiwa bado wazi. Hakufanya hata kimoja. Nimerudi, rangi ya ukuta wa chumbani imevimba. Ukigonga vigae vinalia tupu, maana gundi kaibandika madonge matano tu nyuma ya kila kigae. Zege la sakafuni hakulimwagilia hata siku moja, wakati linatakiwa libaki na unyevu walau siku 7. Lina nyufa tayari.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni michoro. Niliiweka chumba cha mwisho, mlango nikauziba kwa nailoni. Wameichana nailoni, wakaingia humo kukatia vigae kwa grinda, tena bila maji. Rangi ya mafuta huchukua miezi kukauka mpaka ndani. Mchoro niliomaliza wiki tatu zilizopita, vumbi limenasa kwenye rangi, halifutiki. Na huo ndio ulikuwa uende kwenye maonyesho yajayo.

Namuuliza, ananijibu: "Bosi, husimamii kazi, kila siku uko kwenye miziki." Miziki! Hela anayolipwa inatoka wapi? Mbona daktari haambiwi aache zamu aje kusimamia vigae?

Msiniambie niweke ndugu. Nilimwacha binamu yangu, fundi akamwambia nimeshakubali kwa simu. Uongo mtupu.

Nililipa kwa wiki badala ya kwa hatua, hilo nakubali lilimpa mwanya. Sasa anadai robo iliyobaki, na mimi nasafiri tena baada ya siku 9. Silipi mpaka afungue ukuta wa bomba na maji yakae saa 24 nikiwepo.

Mliopita hapa, hasa mnaosafiri kikazi: kwenye mkataba kipengele cha kazi ya kufunikwa mlikiandikaje? Na fundi mpya akibomoa, gharama mlimkata yule wa kwanza au mlibeba wenyewe?