Nataka kuongeza nguvu ya pikapu ya dizeli: kisanduku kipya, kifaa cha mkononi, au remapu kamili?

mzigo_mzito
Habari wakuu. Nina pikapu ya dizeli, lita 3.0 turbo, komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa, ndio reli), gia za mkono, imeshatembea kilomita 210,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Miaka sita iliyopita nilifunga kile kisanduku cha kuongeza nguvu, cha kuchomeka kwenye senza ya presha ya reli, cha kizamani chenye kitufe cha kuzungusha, na kwa kweli kilinifaa. Sasa hivi navuta trela ya tani 2 karibu kila wiki, nikifika mlimani gia ya nne inakata pumzi narudi ya tatu, na nyuma huko moshi mweusi mpaka naona aibu.

Nimebaki na tatu:
1. Kisanduku kipya kinachoshika senza ya reli na ya turbo kwa pamoja
2. Kifaa cha mkononi, unachomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kupimia hitilafu za gari) unachagua ramani, yaani programu ya injini, unapakia mwenyewe
3. Remapu, fundi anakuandikia programu ya injini yako hiyohiyo

Mbio sitafuti, nataka ivute. Mngeenda na ipi?

kimya_kimya
Namba moja bila kufikiria mara mbili. Nina gari mbili zenye visanduku, moja imeshapita kilomita 140,000 nacho na klachi ni ileile. Ukipeleka gari waranti unachomoa, dakika kumi, kompyuta ya injini hujaigusa hata kidogo. Vipya haviko kama hicho chako cha kitufe, vinasoma turbo inapuliza kiasi gani ndio vinaongeza mafuta, kwahiyo moshi unapungua sana.

nozeli_safi
Mimi ni fundi wa pampu na nozeli, ngoja niseme kidogo kuhusu visanduku maana watu wanafunga bila kujua kinafanya nini.

Kisanduku hakina nguvu yake, kazi yake ni kudanganya. Senza ya reli inatuma volti kwenye kompyuta, tuseme presha ni bar 1,400, kisanduku kinakaa katikati ya waya kinasema hapana ni 1,250, kompyuta inaona presha imeshuka inaamuru ikazwe, mwisho wa siku kwenye reli kuna 1,550 na kompyuta inaamini kabisa iko 1,400. Nozeli inafunguka muda uleule lakini dizeli inapita nyingi zaidi. Hiyo ndio nguvu unayoisikia mguuni.

Sasa ukishamdanganya mtu mmoja inabidi umdanganye kila anayemsikiliza. Dashibodi inahesabu matumizi ya mafuta kwa hesabu za kompyuta, ndio maana kila mwenye kisanduku anaapa gari inakula kidogo, anasoma dashibodi bana! Jaza tanki mpaka juu, tembea, jaza tena, gawanya mwenyewe uone. Kichujio cha masizi kama gari inacho, hesabu yake ya lini kijichome nayo inapotoka. Na wenye gia otomatiki ndio nawaonea huruma, giaboksi inauliza injini inatoa nguvu kiasi gani ili ijue ibane klachi zake kwa presha ipi, inapewa jibu la uongo, inabana kwa presha ya chini wakati nguvu inayopita ni kubwa. Hapo diski zinaungua taratibu na wewe unafurahia mlima.

Sisemi visanduku vyote ni takataka. Kwa gari ya gia za mkono, na ukikiacha kwenye kiwango cha chini, kinaishi. Ila kwa trela ya tani 2 nisingekifunga.

kimya_kimya
Zangu zote ni gia za mkono 😀 Hiyo ya dashibodi nimekuelewa, sijawahi kupima kwa tanki. Nitapima.

pedo_mwepesi
Mbona hamna aliyetaja kile kisanduku cha kufunga kwenye pedali ya mafuta? Nimefunga wiki iliyopita gari imekuwa kama mpya.

gia_ya_tatu
Kaka hicho hakiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Ukikanyaga nusu kinaiambia gari umekanyaga robo tatu, basi. Kanyaga pedali yako ya kawaida mpaka chini utapata kilekile.

pedo_mwepesi
Lakini naisikia kabisa tofauti

gia_ya_tatu
Sawa, isikie 😂

Turudi kwa mzigo_mzito. Mimi nina kifaa cha mkononi mwaka wa nne huu, nikwambie mazuri na mabaya. Kizuri unahama ramani mwenyewe, ya kuvuta mzigo, ya kawaida, na ya kiwandani ukitaka kuuza. Kinasoma pia hitilafu na kurekodi data, hiyo peke yake inalipa.

Mabaya sasa. Vingi vinajifunga kwenye namba ya chasi ya gari ya kwanza kuchomekwa, kwahiyo ukinunua kilichotumika kwa mtu hakikisha kwanza amerudisha programu ya kiwandani kwenye gari yake, la sivyo umenunua kipande cha plastiki. Pili, ukipeleka gari kwa wakala wakaiwekea programu mpya ya kiwanda, ramani yako imefutika, na usidhani hawaoni, kompyuta nyingi zinahesabu zimeandikwa mara ngapi. Tatu ni kosa langu mwenyewe, nilipakia ramani betri ikiwa imechoka, redio inaimba, taa zinawaka, ikafika asilimia 60 volti zikaanguka na kompyuta ikawa tofali. Gari haikuwaka, haikusoma, haikuongea na mtu, ikabidi kompyuta ifunguliwe iandikwe mezani. Tangu siku hiyo sipakii kitu bila chaja kwenye betri, na kila kinachokula umeme kimezimwa.

Na ramani za ndani ya kifaa zimeandikwa kwa gari ya wastani. Injini yako ina kilomita 210,000, nozeli zimechoka kwa namna yake, turbo nayo kwa namna yake. Ramani ya wastani haijui hayo.

mama_trela
Navuta trela ya ng'ombe, gari tayari ina uzito wake na ng'ombe hawatulii. Niliremapu miaka mitatu iliyopita na cha kwanza nilichomwambia yule fundi ni kwamba sitaki namba, nataka kuvuta. Alitaka kunipa nyongeza ya asilimia 30 nikakataa, tukakubaliana kama 15 hivi, nguvu ianze chini kwenye raundi 1,600 za injini kwa dakika isisubiri mpaka 2,500. Mlima ule ule niliokuwa nauparamia kwa gia ya tatu sasa nauchukua kwa ya nne na injini imetulia.

Lakini kabla ya remapu nilifunga geji ya joto la moshi, senza iko kwenye manifoldi kabla ya turbo. Kukanyaga kwa sekunde chache barabara tambarare sio kazi, kazi ni dakika sita mlimani na mzigo, joto linapanda polepole. Mimi nikiona linakaribia nyuzi 700 naachia mguu, sibishani nalo. Pistoni ni alumini, hazikuambii zinalegea mpaka zimelegea. Mtu anayevuta mzigo na kuongeza mafuta bila geji hiyo namuona jasiri kuliko mimi.

Nikupe na swali: huo moshi mweusi ulikuwepo tangu ulipofunga kisanduku, au umekuja baadaye?

mzigo_mzito
Umekuja baadaye dada. Mwaka huu ndio umezidi.

nozeli_safi
Basi simamisha manunuzi yote kwanza. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Kisanduku hakijabadilika, kwahiyo ama mafuta yameongezeka, nozeli inavuja, ama hewa imepungua. Tafuta adapta ya OBD na simu, panda mlima na trela, rekodi presha ya hewa inayotakiwa na iliyopo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kumbuka hizo namba zinahesabu na hewa ya kawaida ya nje, kPa 100 hivi, zitoe ndio upate inachopuliza turbo.

eksozi_wazi
Ng'oa EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) na kichujio cha masizi gari ipumue, mnazunguka sana

nozeli_safi
Ukikanyaga mpaka chini, EGR kwenye dizeli nyingi inakuwa imefungwa tayari, kwahiyo hiyo nguvu unayoisema inatoka wapi? Kichujio kikiziba kinazuia kweli, ila kilichoziba kinasafishwa na unatafuta kilichokizibisha. Na kuna nchi hicho kitu ni kosa moja kwa moja, Marekani na Ulaya kwa mfano. Mimi siving'oi.

Nyongeza kwa wanaosema gia za mkono hazina shida. Angalieni Toyota na injini yao ya 1GD ya lita 2.8: Hilux ya 2015 otomatiki walipewa Nm 450 (nguvu ya kuzungusha), gia za mkono 420. Mwaka 2020 wakaboresha, otomatiki ikafika 500, ya mkono ikabaki 420 vilevile. Ni injini moja, namba mbili. Kiwanda chenyewe kinaangalia kilicho nyuma ya injini kabla hakijaongeza, sisi ndio tunaangalia mwisho.

mzigo_mzito
Nimerudi wakuu. Nilirekodi jumamosi na trela nyuma. Gia ya nne, raundi 2,400, inayotakiwa kPa 230 iliyopo 190. Nikarudia mara tatu ni hivyohivyo. Nikafungua, hosi ya chini ya intakula (kipoza hewa inayotoka turbo) imepasuka upande wa ndani kwenye klampu, kwa juu huoni kitu, inaonyesha mafuta mafuta tu nikadhani ni jasho la kawaida. Nimebadilisha, na kisanduku nimekichomoa kabisa. Sasa inapanda hadi 225 na moshi hamna.

Kinachonikera ni kwamba bila kisanduku gari inavuta karibu sawa na ilivyokuwa nacho mwezi uliopita. Nilikuwa nachoma dizeli bure.

Hata hivyo remapu naitaka, ile ya mama_trela, kidogo na nguvu za chini. Geji nimeshaagiza. Kuna kingine cha kuangalia kabla?

kimya_kimya
Na mimi nimepima kwa tanki, jaza tatu. Dashibodi ilikuwa inanipunja asilimia 9. Naomba msinicheke.

mama_trela
Klachi. Nguvu zikianza chini ndio inapata tabu zaidi, na ukiwa na flaiwili (gurudumu zito ambalo klachi inaligandamiza) ile ya vipande viwili nayo ina umri wake. Ni rahisi kupima: barabara wazi, bila trela, gia ya tano raundi kama 1,800, kanyaga mpaka chini. Raundi zikipanda pamoja na mwendo uko salama. Raundi zikiruka na mwendo umebaki palepale, klachi inateleza, usiremapu.

mzigo_mzito
Nimetoka kujaribu sasa hivi.

Zimeruka 😩