Kipimo cha kushika chuma kimemkuta bi mkubwa na matatizo kibao, pakeji laki saba na nusu. Nichukue au niache?

Msamvu Stendi:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, matusi wekeni pembeni kwanza.

Bi mkubwa wangu ana miaka 61 na kisukari cha siku nyingi. Majuzi alipelekwa kwenye ofisi moja hapa Morogoro mjini, wanapima mwili mzima kwa mashine. Unashika kichuma kama betri ya tochi, waya umechomekwa kwenye kompyuta, dakika moja tu karatasi zinaanza kutoka. Hakuna kutoboa kidole wala kutoa mkojo. Majibu: kongosho limechoka, ini lina mafuta, kalsiamu iko chini, mishipa imeanza kuziba na "sumu nyingi mwilini". Kusema kweli mengi yanafanana na anayolalamikia, hasa miguu kuwaka moto.

Wakashauri pakeji ya miezi mitatu: vidonge vya kuamsha kongosho, chai ya kuondoa sumu na unga wa nyuzinyuzi. Jumla laki saba na nusu. Swali langu ni moja: hizi mashine zinaaminika? Na kama zinaaminika, nichukue pakeji nzima au nianze na nusu? Nataka kuamua kabla ya wikiendi.

Mzee wa Kahawa:
Nimeweka kigoda hapa, ngoja waje wataalamu.

Bibi Karanga:
Mwanangu, mashine achana nayo. Mama anakula nini? Hapo ndipo pa kuanzia. Ugali wa sembe mlima mzima na kachumbari kijiko kimoja, halafu tunalaumu kongosho. Apunguze ugali uwe kama ngumi yake, sahani ijae matembele, mchicha, bamia, na maharage pembeni. Dona ni afadhali kuliko sembe, lakini dona la kujaza sinia nalo ni sukari tu ikishafika tumboni. Juisi ya maembe ya nyumbani isiyotiwa sukari bado ni sukari. Asali pia. Marehemu mume wangu aligombana na mimi miaka yote kwamba asali ni dawa, akawa anaweka vijiko vitatu kwenye chai na kunitazama usoni kabisa. Mungu amrehemu, alikuwa mbishi.

Kobe Mwendokasi:
Hiyo mashine naijua. Kabla ya kushika chuma walikuuliza jina, jinsia, umri, urefu na uzito, si ndiyo? Mimi binti aliyenipima alibofya "mwanamke" kwa bahati mbaya, hakuna aliyeona. Nikapewa karatasi zangu: mji wa mimba una uvimbe mdogo, homoni za kike haziko sawa. Dume zima na ndevu zangu. Nilipowaonyesha wakasema turudie, wakabadilisha jinsia, safari hii nikawa na tezi dume. Chuma kilekile, kiganja kilekile.

Mkuu, hakuna umeme wa kiganjani unaojua kalsiamu yako. Kalsiamu inapimwa kwenye damu. Na ukimpima mtu yeyote wa miaka 61 ukamwambia mishipa na miguu ina shida, utapatia tu.

Mzee wa Kahawa:
Hahahaa Kobe, hongera mama kijacho.

Nesi wa Zamu:
Mleta mada, umeandika aya mbili na hukusema jambo la kwanza ambalo yeyote angekuuliza. Mama anatumia dawa gani za hospitali?

Msamvu Stendi:
Alikuwa na metformin na ile sindano ya asubuhi na jioni. Lakini dada Nesi tusitoke nje ya mada, mimi nauliza kuhusu mashine.

Nesi wa Zamu:
"Alikuwa"?

Afya Tele:
Mimi ni shuhuda. Baba yangu alikuwa na sukari 18 miaka mingi, hospitali walishindwa. Alipotumia hizi bidhaa sasa anakunywa mpaka soda. Wanaobeza hawajui nguvu ya mimea. Aliye siriasi aje inboksi, nafasi ni chache.

Mbongo Minnesota:
Huku ndiko mengi ya hayo makopo yanakoanzia, au yanadai yanakoanzia. Sheria ya virutubisho ya Marekani ya 1994 inamruhusu mtengenezaji kuingiza kirutubisho sokoni bila kuthibitisha kwanza kwa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kwamba kinafanya kazi. Akishaandika kwamba kinasaidia mwili kufanya hivi au vile, anatakiwa aongeze kwamba bidhaa haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Geuza kopo, tafuta herufi ndogo kuliko zote. Kinywa cha muuzaji kinasema kinatibu, kopo lenyewe linakataa.

Jingine: FDA imewahi kutoa tahadhari kuhusu vidonge vya "asili" vya kisukari vilivyokutwa na glibenclamide au metformin, dawa za hospitali za kushusha sukari, ndani bila kuandikwa popote. Kwa hiyo mtu akikwambia sukari ilishuka kweli, inawezekana ilishuka kweli. Kilichoishusha ni kidonge cha hospitali kilichofichwa, kipimo chake hakijulikani, na mgonjwa anaweza kuanguka kwa sukari kushuka mno.

Kobe Mwendokasi:
Na wakikuonyesha cheti cha usajili usitishike. Mwaka 2019 TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, iligeuka TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, masuala ya chakula yakaenda TBS, shirika la viwango. Kitu kikisajiliwa kama chakula maana yake kimekubalika kuliwa. Kuponya kongosho ni habari nyingine kabisa, hiyo waulize TMDA.

Mzee wa Kahawa:
Haya mambo hayajaanza leo. 2011 nilikuwa naendesha Land Cruiser, nikapeleka watu Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Mwasapile, yule babu wa kikombe cha dawa ya mitishamba. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, babu hakubagua, waziri na mchunga ng'ombe kikombe kimoja. Pesa tulikula sisi wa magari, na wauza maji. Foleni ilikuwa haina mwisho, watu wanalala porini. Nilimbeba mjomba wangu mwenye kisukari, akanywa, akarudi nyumbani akiimba, akatupa vidonge dirishani karibu na Mto wa Mbu. Nilisimamisha gari nikavitafuta kwenye nyasi na tochi mpaka abiria wakanitukana. Nilivipata vichache.

Nesi wa Zamu:
Msamvu Stendi, bado nasubiri.

Msamvu Stendi:
Sawa. Amepumzisha dawa. Si kwamba tumemkataza, walisema dawa za hospitali na vidonge vyao "vinagombana", mwili uanze kusafishwa kwanza. Na yeye mwenyewe sindano ilikuwa inamchosha. Jirani zake wawili kule Kilosa walianza sindano, mmoja akakatwa mguu, mwingine akapofuka. Anaamini sindano ndiyo mwisho wa safari. Sasa mnataka nimshike kwa nguvu?

Tena dalili za kusafishwa zimeanza. Anakunywa maji sana, usiku anaamka kukojoa kila mara, amechoka kidogo na amepungua mwili. Wametuonyesha kwenye kijitabu kwamba hiyo ni sumu inatoka. Kwa hiyo kitu kinafanya kazi, ninachotaka kujua ni kama niendelee na pakeji nzima.

Nesi wa Zamu:
Hapana. Kiu, mkojo mwingi, uchovu na kukonda kwa mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini ni sukari iliyopanda. Sukari ikizidi kwenye damu inatoka na mkojo, inavuta maji, mwili unakauka. Hakuna sumu inayotoka hapo.

Fanya hivi usiku huu. Nenda duka la dawa lenye mashine ya kupima sukari, wamtoboe kidole. Akianza kutapika, kupumua kwa haraka na kwa nguvu, kusinzia hovyo au kuongea yasiyoeleweka, hata kupima usisubiri, nenda hospitali. Na usimchome sindano ya zamani kwa kukisia kipimo.

Kuhusu jirani zake: watu wengi wanakubali sindano wakiwa wamechelewa, mguu na macho vimeshaharibika kwa miaka ya sukari kuwa juu. Wanaoona kwa nje wanahesabu kuanzia siku ya sindano. Mama akitulia, mweleze hivyo taratibu.

Mchambuzi Huru:
Samahani, wacha niwaharibie. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mleta mada akaunti yake ni ya wiki hii, uzi ni huu mmoja. Kaanza na bei, kaja na orodha ya bidhaa, kisha anatokea "shuhuda" na inboksi. Sasa kila tukimbana anatoa kipande kipya kama tamthilia ya saa mbili usiku. Kesho utaona jina la kampuni na namba ya simu. Nesi, unatibu mgonjwa ambaye hayupo.

Kobe Mwendokasi:
Aisee, hata mimi nilishangaa. Mtu mama yake anazidiwa, yeye anauliza nusu au nzima?

Mzee wa Kahawa:
Chai ya kuondoa sumu, hahahaa.

Bibi Karanga:
Hata kama ni chai, wapo mama wengine wanaosoma. Mimi naendelea: asiruke chakula cha asubuhi.

Afya Tele:
Mimi simjui huyu mleta mada. Msinichafulie biashara.

Mchambuzi Huru:
Biashara? Dakika kumi zilizopita ulikuwa shuhuda.

Msamvu Stendi:
Mchambuzi, ningekuwa nauza ningeficha kampuni? Nimeificha kwa sababu aliyempeleka mama kule ni mke wangu. Ndiye amejiunga, ndiye muuzaji. Pakeji tayari ipo ndani, nusu imelipwa kwa mkopo wa kikoba, na nusu iliyobaki uplaini wake, yaani aliyemwingiza kwenye hiyo biashara, anaidai Jumamosi. Mama akiacha katikati mke wangu anakosa pointi na deni linabaki. Sasa mnielewe. Si mwizi, ameamini kabisa, mwenyewe anakunywa hiyo chai kila asubuhi. Nikisema bidhaa ni uongo ninamwambia mama watoto kwamba kamuumiza mkwewe. Nilitaka mtu aniambie angalau mashine ni ya kweli.

Kobe Mwendokasi:
Duh.

Mchambuzi Huru:
Inazidi kunoga. Sehemu ya tatu lini?

Mbongo Minnesota:
Kaka, kweli au si kweli, kupima kidole hakuhitaji ruhusa ya uplaini. Nenda kapime, ndoa mtaijadili baadaye.

Nesi wa Zamu:
Mchambuzi, nikidanganywa nimepoteza vocha. Wewe ukikosea je? Msamvu, tunasubiri namba.

Msamvu Stendi:
Nimetoka duka la dawa. 26.3. Kijana wa duka amerudia kwa kidole kingine, 25.9. Mama hajala tangu mchana. Mke wangu anasema tumpe chai ya usiku, asubuhi tuamkie hospitali.

Nesi wa Zamu:
Sasa hivi. Asubuhi ni mbali. Beba zile dawa zake za zamani, beba na hayo makopo, daktari lazima aone alichokunywa. Anywe maji matupu njiani kama hatapiki. Hiyo chai ibaki nyumbani.

Bibi Karanga:
Mwambie mkeo nimesema mimi bibi yake: wote mpande gari moja. Lawama hazina dripu.

Mzee wa Kahawa:
Una bima? Kama kazini kwako kuna NHIF, mzazi anaingia kama mtegemezi. Mimi wa kwangu nilimwandikisha nikamaliza kelele za ukoo.

Mchambuzi Huru:
Weka picha ya kile kipimo. Ficha jina, namba ionekane.

(Siku iliyofuata)

Msamvu Stendi:
Wakuu, amelazwa. Dripu na insulini usiku kucha, sukari imefika 14 na inaendelea kushushwa taratibu. Anaongea, anataka uji. Wamechukua damu kwa kipimo cha wastani wa miezi miwili mitatu nyuma, majibu bado. Mke wangu yuko naye wodini, hajalala, na mama ndiye anayembembeleza badala ya kinyume chake. Picha sitaweka, Mchambuzi, unisamehe.

Uplaini amekataa kurudisha pesa, kasema mteja "hakuwa na nidhamu ya programu".

Mbongo Minnesota:
Hapo kuna Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tunzeni kijitabu kile cha "sumu inatoka", risiti, na ujumbe wa simu wa kuambiwa aache dawa.

Msamvu Stendi:
Nitafuatilia. Ila kuna kitu kimoja. Makopo mawili ya chai hayajafunguliwa, na deni la kikoba linasubiri. Kuna jamaa wa gereji anataka kupunguza kitambi, yuko tayari kuyachukua kwa bei pungufu. Yeye hana kisukari wala presha. Nikimuuzia kuna ubaya?

Kobe Mwendokasi:
Wewe mtu wewe.

Bibi Karanga:
Usimuuzie mtoto wa watu. Na hiyo presha nani kampima, mashine ya chuma?

Mchambuzi Huru:
Sasa hapa ndipo nimeamini kwamba si chai. Anayetunga hadithi angeyatupa makopo jalalani ili tumpigie makofi.

Nesi wa Zamu:
Huo uji nani anaupika, na una sukari?