Tupeane uzoefu: Kufunga altaneta kwenye trekta na mashine za zamani

Mwanzisha uzi (Katesh)

Wakuu, msimu wa kulima umekaribia na trekta za wazee zimeanza kuletwa gereji zikivutwa kwa kamba. Nafanya umeme wa magari hapa Katesh. Kazi inayonijia sana ni trekta za Massey Ferguson 135 na 165 ambazo dainamo (mtambo wa zamani wa kuchaji betri) imechoka, mwenyewe ameshanunua altaneta (mtambo wa kisasa wa kuchaji) ya mtumba ya Toyota, anataka "umfungie tu".

Kwenye boliti hakuna shida. Kishikio kinachomelewa, puli zinalinganishwa mkanda unyooke, ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie kama milimita 12. Maneno yanaanzia kwenye nyaya nyembamba. Ile nene kila mtu anaijua, inakwenda betri. Zile ndogo ndizo zinazoleta ugomvi kati ya fundi na mwenye trekta.

Ninavyofanya mimi kwa Toyota ya soketi ya pini tatu: S naipeleka moja kwa moja chanya ya betri, maana ndiyo inayoiambia reguleta (kidhibiti chaji cha altaneta) betri ina volti ngapi. IG inakwenda kwenye swichi, upande unaopata moto ufunguo ukiwashwa. L inakwenda kwenye taa ya chaji. Kuna wanaoiunga IG betri moja kwa moja ili kukwepa kutafuta waya wa swichi. Trekta ikikaa bila kazi, betri inanyonywa kidogo kidogo mpaka inaisha, halafu lawama zinamwangukia aliyeuza betri.

Katauti ya zamani (ile boksi ya Lucas ya kudhibiti chaji ya dainamo, yenye vichwa A, A1, F, D, E) inatoka kabisa. Nyaya za A na A1 naziunga pamoja, la sivyo taa na honi vinakosa moto. Waya wa kahawia wenye mstari wa njano uliokuwa D unabaki na kazi: ile nene inayoshuka kwenye dainamo naiunga na nyembamba inayokwenda kwenye taa, tayari nina waya wa L bila kuvuta mpya. Ule wa F naukata na kuufunga solotepu. Ila waya mkubwa wa chaji siutumii wa zamani hata siku moja. Dainamo ya C40 ilikuwa inatoa ampea 22 tu. Navuta mpya wa milimita za mraba 6, au 10 kama altaneta ni ya ampea 60 kwenda juu, hadi kwenye kichwa cha waya wa betri pale stata.

Haya, semeni mashine gani, altaneta gani, na taa mliiungaje.

Mkulima wa Mbarali

Asante mkuu. Yangu ni 165 yenye altaneta ya Lucas 17ACR, si Toyota. Ililala betri kila asubuhi. Mafundi wawili wakabadilisha reguleta, mmoja akabadilisha betri, hali ile ile. Wa tatu, mzee wa makamo, hakugusa altaneta. Aliwasha ufunguo, akatazama dashibodi, akauliza, "Taa ya chaji iko wapi?" Dereva alikuwa amechomeka LED ndogo nyekundu kwa sababu balbu iliungua.

Mzee akaweka balbu ya kawaida ya wati 2.2, injini ikapiga, mita ikapanda hadi 14 palepale. Maelezo yake: kwenye Lucas hizo umeme wa kuiamsha altaneta unapita ndani ya balbu. LED inapitisha kidogo mno. Ndiyo maana zamani ilikuwa inachaji nikiikanyaga sana tu, na mimi huku kwenye majaruba ya mpunga nalima taratibu.

Mwanzisha uzi (Katesh)

Hapo umegusa penyewe. Toyota yenye IG haitegemei sana balbu, Lucas na zile za Bosch zenye D+ (kichwa cha waya wa taa) zinaitegemea. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani akikutana na Massey yenye ACR, anadharau taa.

Fundi wa Uasin Gishu

Habari za jioni ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu bado kuna trekta za Fordson Major kwenye mashamba ya mahindi, na nyingi chanya ndiyo ethi (ndiyo iliyofungwa kwenye bodi). Mteja aliniletea moja ikiwa altaneta tayari imefungwa na kijana wa mjini, ikaungua ilipogusishwa tu betri. Dayodi zote (vipande vya ndani ya altaneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilikwenda. Kijana aliona waya mnene umekwenda kwenye bodi, akajua ni hasi kama gari lolote.

Nilivyofanya: nikageuza betri, hasi ikaenda kwenye bodi. Nikabadilisha nafasi za nyaya za ammita (mita ya ampea), la sivyo ingesoma kinyume. Stata sikuigusa. Watu huuliza kama itazunguka kinyume, haizunguki, kwa sababu koili na rota yake zote zinageuka pamoja. Ni dizeli kwa hivyo hakukuwa na koili ya kuwasha ya kushughulikia. Halafu nikaandika kwa rangi nyeupe kando ya betri HASI = BODI. Mwenye shamba alicheka, lakini anayekuja kununua betri siku hizi ni mjukuu wake.

Mchangiaji wa Morogoro

Mimi nitasema ya mashine ya petroli, Land Rover ya zamani tunayotumia kuvutia pampu. Ufunguo ukizimwa, injini inaendelea kunguruma! Ilibidi tuizime kwa kuachia klachi ikiwa kwenye gia. Aliyefunga alitoa balbu akaunga ule waya mdogo moja kwa moja kwenye swichi. Kumbe altaneta inarudisha umeme kinyumenyume kwenye koili ya kuwasha. Tumerudisha balbu, inazimika.

Dereva wa grada

Wa 24V msijisahau. Niliona grada limewekewa altaneta ya 12V kwa sababu "umbo ni lile lile". Betri mbili zinataka kama volti 28 za kuchaji. Sitaki hata kueleza moshi.

Mkulima wa Mbarali

Swali wakuu: kuna anayeniambia niweke ile altaneta ya waya mmoja, isiyo na taa wala nini. Niifuate?

Fundi wa Uasin Gishu

Kwa trekta sipendi. Nyingi za hizo huamka injini ikizunguka kwa nguvu kiasi. Na bila taa utajuaje mkanda umekatika? Utajua jioni, shambani, stata ikilia tik tik.

Mwanzisha uzi (Katesh)

Naunga mkono. Nyongeza mbili. Ammita ya dashibodi inayoishia 30 usiipitishie chaji ya altaneta kubwa, itapata moto. Weka volti mita badala yake. Na kabla hujamlipa fundi, washa taa zote, injini ikiunguruma, pima kati ya kichwa cha B cha altaneta (panapotoka waya mnene) na chanya ya betri. Ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea. Pima na upande wa ethi vilevile, kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri. Rangi na kutu kwenye kishikio zimetusumbua kuliko dayodi.

Mchomeleaji, Babati

Na mkitaka nichomelee bomba la jembe, fungueni vichwa vya betri na nyaya za altaneta kwanza. Nimechoka kuambiwa mimi ndiye niliyeiua.